Ua wa Nyandarua: Historia ya Msitu Uliokingwa kwa Michango

Tarehe 28 Agosti 2009, Rais Mwai Kibaki alizindua rasmi ua wa stima uliozunguka safu ya milima ya Nyandarua, ambayo kwenye ramani nyingi bado inaitwa Aberdare. Ua huo una urefu wa kilomita zinazokaribia 400. Kuujenga kulichukua miongo miwili, na muda huo Kenya ilibadilisha marais mara moja, sheria ya misitu ikaandikwa upya, na watoto waliozaliwa nguzo za kwanza zilipokuwa zikisimikwa wakakua wakawa wazazi.

Shilingi za kwanza za kazi hiyo hazikutoka katika hazina ya serikali wala katika mkopo wa benki. Zilitoka katika mashindano ya magari yanayofanywa porini mara moja kwa mwaka, ambayo mshindi wake si mwenye mbio kuliko wenzake. Historia ya ua huo ni historia ya watu waliochangishana kwa ajili ya kifaru, wakajikuta wamekinga maji ya jiji, mashamba ya viazi na msitu mzima.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo ni lazima tuanze na mlima wenyewe. Nyandarua inasimama kaskazini mwa Nairobi, upande wa mashariki wa Bonde la Ufa. Kilele chake cha juu, Ol Donyo Lesatima, kinafikia takriban mita 4,000. Mvua inayodondoka kwenye miteremko yake haiishii hapo. Mto Malewa huipeleka Ziwa Naivasha. Mito ya upande wa mashariki huingia Tana, na Tana ndiyo inayozungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kuendelea hadi Bahari ya Hindi. Mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, yanayoinywesha sehemu kubwa ya Nairobi, hujazwa na vijito vya mlima huo. Mkazi wa Kayole au Kibera ambaye hajawahi kuiona Nyandarua kwa macho huamka asubuhi na kuchota maji yake.

Msitu huo una kumbukumbu nyingine pia, ya damu. Kuanzia mwaka 1952 wapiganaji wa Mau Mau waliufanya ngome yao, na Dedan Kimathi alikamatwa ukingoni mwake Oktoba 1956. Miaka hiyo serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanakijiji, wengi wao wanawake, kuchimba mtaro mrefu kando ya msitu wa jirani, ule wa Mlima Kenya, na kuujaza vijiti vilivyochongwa ncha ili wapiganaji wasipate chakula kutoka vijijini. Huo ndio mpaka wa msitu ambao kizazi kile kilikuwa kikiujua: mpaka wa kulazimishwa, uliochimbwa chini ya bunduki. Yeyote ambaye baadaye angekwenda kwa watu hao kuwaambia habari za kutenga msitu na vijiji, angekuwa anazungumza na watu wenye kumbukumbu hiyo.

Hifadhi ya Taifa ya Aberdare ilitangazwa mwaka 1950, na kuizunguka kulikuwa na misitu ya serikali. Baada ya uhuru vijiji vilikua hadi vikagusana na miti. Mashamba ya viazi, kabeji, mahindi na majani chai yakafika mlangoni kwa ndovu na nyati, na wanyama hao hawakujua pa kuishia. Mkulima aliyepanda kwa mkopo wa mbegu aliweza kulala na shamba na kuamka hana kitu. Usiku familia zilikoka mioto na kupiga madebe. Watoto waliokesha wakifukuza nyati walisinzia darasani kesho yake, na wako waliokutana na nyati njiani wasirudi nyumbani. Chuki kwa wanyama wa msituni ilitokana na njaa na misiba, na hakuna hotuba ya uhifadhi ambayo ingeweza kuiondoa.

Upande wa ndani ya msitu, wanyama nao walikuwa wakiangamia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 500. Pembe zao zilisafirishwa hadi Yemen kutengenezwa mipini ya majambia, na hadi Asia ya Mashariki kusagwa kuwa dawa. Majangili walikuwa na bunduki za kivita. Idara ya wanyamapori ilikuwa na magari mabovu na askari wachache. Julai 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu mbele ya kamera za dunia, na mwaka uliofuata Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likaanza kazi. Lakini moto huo haukuwa na uwezo wa kumlinda kifaru aliyekuwa akilisha katika giza la Nyandarua.

Ni katika hali hiyo ambapo mwaka 1988 Ken Kuhle alianzisha wakfu ulioitwa Rhino Ark. Nia yake ya kwanza ilikuwa ndogo na ya wazi: kujenga ua wa stima katika Salient, ile pembe ya mashariki ya hifadhi inayochomoza kuelekea Nyeri, mahali ambapo vifaru waliosalia walikuwa karibu mno na vijiji. Serikali haikuwa na fedha za kazi hiyo. Kuhle na wenzake walihitaji njia ya kuchangisha, na hapo likazuka wazo la kuwatumia watu waliopenda kupita na magari yao ya foo-wili mahali pasipo na barabara.

Mashindano ya kwanza, Rhino Charge, yalifanyika mwaka 1989 kwa magari 31. Kanuni zake hazijabadilika sana tangu hapo. Mahali pa kushindania huwa siri hadi siku zinapokaribia, na huwa ni nchi ngumu: mabonde ya mawe, miiba, makorongo, vilima vyenye miteremko mikali. Kila timu hupewa ramani yenye vituo, kwa kawaida 13, na saa 10 za kuvifikia vyote. Anayeshinda ni yule aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wengine. Kwa hiyo dereva anayezunguka kilima hupoteza, na anayekikwea moja kwa moja hupata. Wenzake hutangulia mbele ya gari kwa miguu, wakiruka mawe na kupima kwa macho kama magurudumu yatapita. Gari likikwama huvutwa kwa winchi, na likipinduka huinuliwa na safari ikaendelea.

Hata hivyo gari halina nafasi ya kushindana kabla timu haijakusanya michango. Kila timu hutakiwa kuleta ahadi za wafadhili zisizopungua kiwango kilichowekwa, na nyingi huleta zaidi ya hapo kwa mbali. Zipo tuzo kwa wanaoendesha vizuri na zipo heshima kwa wanaochangisha vizuri. Miezi kabla ya siku yenyewe, washiriki hubisha milango ya makampuni, huandaa karamu, huuza fulana na kuwaandikia jamaa walio ng'ambo. Mashindano huchukua siku moja. Uchangishaji huchukua karibu mwaka mzima. Kwa miaka yote hiyo zimekusanywa zaidi ya shilingi bilioni 1.

Rhino Charge hufanyika siku zilizo karibu na Madaraka, tarehe 1 Juni. Siku kama hiyo, mwaka 1963, Jomo Kenyatta aliwaita Wakenya kwenye Harambee, na nchi ikaitika. Shule za sekondari, zahanati, visima na majosho ya ng'ombe vilijengwa kwa kuku walionadiwa, magunia ya mahindi na sarafu zilizofungwa kwenye pindo la leso. Lakini kufikia miaka ya 1980 na 1990 mchango mwingi ulikuwa umegeuka jukwaa la wanasiasa. Machifu walikusanya kwa lazima, wakubwa walitangaza ahadi kwa kipaza sauti, na wananchi wakabaki kuuliza fedha zilikokwenda. Hali ilifika mahali ambapo sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya mwaka 2003 iliwawekea watumishi wa serikali mipaka katika kuchangisha.

Katika nchi iliyokuwa imechoshwa na michango isiyoonekana, Rhino Ark iliomba mchango unaopimika kwa miguu. Fedha za mwaka huu ziligeuka nguzo na waya za mwaka huu. Mfadhili aliyetaka kujua shilingi yake ilikoishia angeweza kupanda gari hadi Nyeri, akashuka, akatembea kando ya ua na kuona ulipofika mwaka jana na ulipofika sasa. Hiyo ndiyo siri ya uhai wa kazi hiyo. Watu hawachoki kutoa. Huchoka kutoa wasione.

Kilichofuata kilizidi matarajio ya walioanza. Sehemu za kwanza za ua zilipowashwa stima, wakulima waliokuwa nyuma yake walivuna viazi vyao vyote. Habari ikasambaa kutoka kijiji hadi kijiji. Wale ambao ua ulikuwa bado haujawafikia walitaka kujua zamu yao itafika lini, na wale waliokaa mwisho wa waya walilalamika, kwa haki, kwamba ndovu waliozuiwa kwa jirani sasa walikuwa wakihamia kwao. Ua wa kipande kimoja ulikuwa umegeuka tatizo kwa kipande cha pili. Njia iliyobaki ilikuwa moja, kuuzungusha mlima wote, pamoja na misitu iliyokuwa nje ya hifadhi. Hivyo lengo likahama kutoka kifaru hadi mlima, na wakulima ndio walioharakisha uhamaji huo.

Hapo ndipo mtu anapopaswa kukumbuka ule mtaro wa miaka ya 1950. Watoto na wajukuu wa jamii zilizolazimishwa kuchimba mpaka sasa walikuwa wakidai mpaka. Vijana wa vijiji walichimba mashimo ya nguzo na kufyeka njia ya waya, mara hii kwa ujira na kwa faida ya mashamba ya nyumbani kwao. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: penye kampuni iliyotoa hundi kubwa, palikuwa pia na mkulima aliyetoa nguvu zake na kuukubali ua upite mbele ya shamba lake.

Kazi haikuwa tambarare. Miaka ya 1990 ilikuwa mibaya kwa misitu ya Kenya. Ardhi ya misitu iligawiwa kama zawadi ya kisiasa, na ule utaratibu wa kuwaruhusu wakulima kulima kwa muda kati ya miche ya serikali, unaoitwa mfumo wa shamba, ulitumiwa vibaya hata mahali pengi miche isipandwe kabisa. Mwaka 2003 wataalamu wa KWS, Rhino Ark na washirika wao, likiwemo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti ya uchunguzi uliofanywa kwa ndege juu ya Nyandarua. Walikuwa wameona matanuri ya mkaa kwa maelfu, mashamba ya bangi ndani ya msitu, na visiki vya miti ya asili iliyokatwa kwa siri, hasa muthaiti, mti wa kafuri unaochukua vizazi kadhaa kukua. Ripoti hiyo ilionyesha pia jambo la kutia moyo: ua uliposimama na kutunzwa, uharibifu ulikuwa rahisi kuubana, kwa sababu mkata mbao hawezi tena kuingia popote atakapo na lori.

Wakati huo Kibaki alikuwa ameingia Ikulu. Yeye alikuwa mzaliwa wa Othaya, chini ya mlima huo huo, na serikali yake ilianza kutia fedha za umma katika kazi iliyokuwa imebebwa na wachangiaji kwa muda mrefu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliunda Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na kuvitambua vyama vya jamii vya misitu, ili wanaoishi kando ya msitu wawe na sauti katika utunzaji wake. Mkondo wa fedha za michango na mkondo wa fedha za serikali ilipokutana, kilomita zilizobaki zilikwenda kwa kasi kuliko za mwanzo. Agosti 2009 ncha mbili za waya zikakutana.

Ua wenyewe unashinda urefu wa mtu. Chini yake kuna wavu uliofukiwa ardhini kuwazuia wanyama wachimbao, na juu kuna nyaya zinazopitisha stima kwa mapigo mafupi yenye nguvu ya kumshtua ndovu bila kumuua. Nguzo za mwanzo zilikuwa za mbao. Baadaye zilitumika pia nguzo zilizotengenezwa kwa plastiki iliyorejelezwa. Kuna malango ambayo wanakijiji wenye vibali hupitia kuokota kuni, kukata nyasi au kulisha mifugo panaporuhusiwa. Na kila kipande kina mtunzaji wake, mara nyingi mtu wa kijiji cha hapo hapo, anayetembea kila siku kufyeka majani yanayogusa waya, kuondoa matawi yaliyoanguka na kuripoti mahali palipokatwa. Jani bichi likigusa waya huvujisha stima ardhini, na ndovu hutambua haraka waya usio na nguvu. Asipotembea mtunzaji kwa wiki chache, kilomita zake hubaki mapambo tu.

Tathmini ya kina iliyotolewa mwaka 2011 iliangalia faida za ua kwa mazingira, jamii na uchumi. Picha yake kwa ujumla ilikuwa ya matumaini: msitu ulikuwa umeanza kurudi, na wakulima waliopakana na ua walikuwa wakivuna walichopanda. Ardhi ambayo zamani haikuwa na mnunuzi, kwa sababu kuinunua kulikuwa kuwalimia ndovu, ilipata thamani.

Haki inatudai tuseme pia kile ambacho ua haukukitatua. Ndovu hawakuumbwa kukaa ndani ya duara, na kabla ya mashamba walikuwa wakipita kati ya Nyandarua, Laikipia na Mlima Kenya. Kuufunga mlima mmoja ni kuyakata mapito ya kale, na idadi ya wanyama ikikua ndani ya ua, miti ndiyo hulipa gharama. Mama maskini asiye na ada ya kibali huuona ua kama mlango uliofungwa mbele ya kuni zake. Na magari yanayokwea vilima kwa jina la uhifadhi huacha alama katika nchi ya watu wengine, ndiyo maana jamii zenye ardhi ya mashindano hulipwa na ni lazima zisikilizwe kabla ya tarehe kupangwa. Haya si maswali ya maadui wa uhifadhi. Yanaulizwa na watu wanaoishi na matokeo yake.

Majibu mengine yameanza kupatikana. Upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, kufikia mwaka 2011 ndovu walikuwa wakipita chini ya barabara kuu ya Nanyuki na Meru, katika pito lililojengwa ili waende kati ya mlima na hifadhi ya Lewa kupitia msitu wa Ngare Ndare. Lewa nako kuna mbio za marathoni tangu mwaka 2000, ambapo wakimbiaji huingia katika nchi ya vifaru na michango yao husaidia shule, zahanati na uhifadhi. Hapo shule na faru vinaingia katika hesabu moja tangu siku ya kwanza, jambo ambalo Nyandarua ilijifunza njiani.

Rhino Ark nayo haikuvunja kambi baada ya 2009. Ilihamia Mau Eburru, msitu mdogo ulio magharibi ya Ziwa Naivasha, ambako bado wanaishi bongo wa milimani, swala wekundu wenye mistari myeupe ambao porini wamebaki chini ya 100 duniani kote. Ua wa huko, wa kilomita zipatazo 43, ulikamilika mwaka 2014. Kabla ya hapo, mwaka 2012, ilikuwa imeanza kazi kubwa kuliko zote, kuuzungushia ua Mlima Kenya, kilomita zipatazo 450, pale pale ambapo mtaro wa kikoloni ulichimbwa.

Nyandarua imetufundisha jinsi ya kuchangisha, na fundisho hilo linafaa kutumika kwa bustani ya mtaa na kisima cha kijiji kama linavyofaa kwa mlima. Lengo liwe kitu ambacho mchangiaji anaweza kukifuata kwa miguu na kukigusa. Jirani wa kile kinacholindwa aulizwe mapema, kwa kuwa yeye ndiye atakayekaa nacho wageni wakishaondoka. Na bajeti ya mchango isiishie siku ya kukata utepe. Ni rahisi kumpata mfadhili wa nguzo mpya. Ni vigumu kumpata wa kulipa mshahara wa anayefyeka majani mwezi wa tatu wa mvua, ilhali bila huyo fedha zote za awali zimetupwa. Tukitaka maji yaendelee kutiririka Ndakaini na viazi viendelee kuvunwa Nyeri, mshahara huo ndio mchango wa kwanza unaopaswa kuombwa kila mwaka, na sisi tunaokunywa maji ya mlima huo tuko miongoni mwa wanaopaswa kuutoa.